Kompresa ya besi inakwaruza kwenye uzi wa E: nibadilishe IC?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga besi ya nyuzi nne kanisani. Nimejiundia pedali ya kompresa (inayobana sauti kubwa ilingane na ndogo) kwa IC ya LM13700, nikifuata mchoro wa kompresa ya gita la solo. Uzi wa D na wa G unatoka safi. Nikigusa E, sauti inakwaruza kama spika iliyochanika, na nikipiga slapu kishindo cha dole gumba kinamezwa. Kwenye kitambuzi, yaani sehemu inayopima ukubwa wa sauti na kuiamuru kompresa ibane, kuna dayodi moja, kapasita ya mikrofaradi 0.22 na rezista ya kilo-omu 150. Nimeshabadilisha IC mara mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hizo IC ulizozing'oa zitunze, sidhani kama zina kosa. Kosa lipo kwenye kile kikapasita.

Zidisha 0.22 kwa 150, unapata milisekunde 33. Huo ndio muda ambao kitambuzi chako kinatumia kuachia. Sasa uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 24. Dayodi moja inaona upande mmoja tu wa wimbi, kwa hiyo kapasita inajazwa mara moja, halafu inakaa karibu milisekunde 24 ikivuja. Mpaka ijazwe tena imeshapoteza kama nusu ya chaji. Kompresa inabana na kuachia ndani ya wimbi lilelile moja, na umbo la wimbi linaharibika. Huko ndiko kukwaruza kunakotoka. Kwenye G mawimbi yanafuatana haraka zaidi, kapasita haipati nafasi ya kuvuja sana, ndiyo maana husikii kitu.

Kwanza, weka rektifaya ya wimbi zima, inayoona pande zote mbili za wimbi: IC moja ya TL072 na dayodi mbili zinatosha. Pengo kati ya kujazwa na kujazwa linashuka hadi milisekunde 12. Dayodi uliyonayo ibaki baada ya rektifaya hiyo, la sivyo kapasita itamwagika kinyumenyume kupitia IC. Kisha panda hadi mikrofaradi 2.2. Muda wa kuachia unakuwa milisekunde 330, na kati ya kilele na kilele kapasita inapoteza chini ya asilimia 4. Hata ukihamia besi ya nyuzi tano, B ya hezi 31 itapita salama.

Slapu ni habari nyingine. Kompresa yako inawahi mno kubana. Kati ya dayodi na kapasita tia rezista ya kilo-omu 1 ikifuatiwa na volyumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10. Utaweza kuchelewesha mbano kutoka kama milisekunde 2 hadi 24, kishindo kipite kwanza ndipo mlango ufungwe. Mimi kwa besi huanzia katikati.

Halafu kuna jambo ambalo michoro ya gita la solo haina haja nalo. Nguvu nyingi ya besi iko chini, kwa hiyo uzi mnene ndio unaoendesha kompresa nzima, na noti za juu zinazama pamoja nao. Kipunguzie kitambuzi besi: kapasita ya nanofaradi 22 mbele ya kilo-omu 100 inakata chini ya hezi 72, na E itasikika humo kwa takriban nusu ya volteji yake. Angalia sana, ni kwenye njia ya kitambuzi tu. Ukiiweka kwenye njia ya sauti umeua besi yenyewe. (Wakati umefungua boksi, kagua na kapasita ya kutokea. Ya mikrofaradi 0.1 ikikutana na mzigo wa kilo-omu 10 inakata chini ya hezi 159. Weka ya mikrofaradi 10.)

Ukimaliza, piga E wazi na uiache ilie mpaka ife. Ukisikia mkwaruzo bado, kapasita ya kitambuzi ipande hadi mikrofaradi 4.7, lakini volyumu nayo ishuke hadi kilo-omu 5, maana kapasita kubwa inachelewesha pia kubana.