Mkazo wa "housekeeping" na wenzake

Umeuliza kwa nini ukisema neno la Kiingereza "housekeeping" (kazi za usafi wa nyumba) hueleweki ilhali herufi zote unazitamka. Shida ni mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi unakimbilia "keep". Nomino ambatano za Kiingereza, yaani zilizoundwa kwa maneno mawili, kwa kawaida hukazwa mwanzoni (herufi kubwa zinaonyesha mkazo): HOUSE-keep-ing, NEWS-pa-per.

Tafuta kwanza mahali maneno mawili yanapoungana, house + keeping, ndipo ugawe silabi. Ni tatu tu. Herufi "e" ya "house" haitamkwi. Ukisema "hausikipingi" umefika silabi sita, na msikilizaji ameshapotea. Piga kofi moja kwenye "house", "keep" ipe mkazo hafifu, "ing" iteleze.

Usilipuuze hili, kwa sababu mkazo hubadilisha maana ya neno: GREENhouse ni kitalu nyumba, green HOUSE ni nyumba ya kijani. Lakini vitenzi kama underSTAND hukazwa mwishoni.