Kiongezi kinapokimbilia mipakani mwa fuwele

Ndugu, umeuliza kwa nini kiongezi cha kukinga miale ya jua, ulichokichanganya vizuri katika polipropilini iliyoyeyuka, kimeonekana kwenye hadubini ya urujuanimno kama mistari myeusi baada ya plastiki kupoa.

Plastiki inapopoa, minyororo ya molekuli zake hujipanga na kuunda fuwele zinazokua kama matufe. Fuwele haina nafasi ya molekuli ngeni, hivyo kila tufe linapokua husukuma mbele yake sehemu ya kiongezi pamoja na minyororo isiyopangika, mpaka matufe mawili yakutane na kuvibana mpakani; huko kiongezi hufyonza urujuanimno na kuonekana cheusi. Mwaka 1963, watafiti wa polima Keith na Padden walieleza kuwa unene wa tabaka la vitu vilivyosukumwa mbele ya tufe hufuata mgawo wa usambaaji (kipimo cha wepesi wa molekuli hizo kusambaa) ukigawanywa kwa kasi ya ukuaji wa fuwele. Nakushauri upoze haraka, au utie kichochezi cha fuwele (kitu kinachoanzisha fuwele nyingi kwa pamoja) ili matufe yawe madogo na mistari ya kiongezi ikaribiane zaidi.