Kashata zangu zinageuka mchanga, nakosea wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 7 mdogo miezi 9. Mkubwa kila siku anataka biskuti na pipi za dukani za kubeba shule, nimeamua nipike mwenyewe kashata za karanga, naweka vikombe 2 vya karanga na vikombe 2 vya sukari lakini zinatoka zimechanguka kama mchanga. Nikitumia sukari guru si ndo itakuwa na afya zaidi? Na mdogo naweza kumpa za asali? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kuingia jikoni.

Kwanza huo mchanga. Sukari ikishaanza kuchemka wewe unakoroga koroga, ndo inarudi kuwa chenga. Weka sukari na nusu kikombe cha maji, koroga mpaka iyeyuke, kamulia limao kidogo alafu acha mwiko kabisa, moto wa wastani. Ikianza kuwa nzito dondoshea tone kwenye maji baridi, likibaki laini bado, likivunjika kwa kulia "tak" tia karanga na iliki haraka haraka, mimina kwenye trei uliyopaka mafuta, kata ikiwa bado moto manake ikipoa utavunja kisu. Na huku kwetu pwani hewa ina unyevu, zikipoa tu funika kwenye kopo lisilopitisha hewa la sivyo jioni zinanata.

Ila mdogo wangu hivyo vikombe 2 vya sukari ni vingi mno. Ni kama gramu 400, ukikata vipande 24 kila kimoja kina vijiko vinne vya chai vya sukari, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri ikiwezekana mtu mzima asizidi kama vijiko 6 kwa siku nzima, na mtoto ni chini ya hapo. Tumia kikombe 1, zinashika vizuri tu. Sukari guru ina ladha tamu ya miwa na mi naipenda sana, lakini ni sukari ile ile, usimuongezee mtoto kwa kuamini ni dawa. Ukiitumia iyeyushe uichuje, mara nyingi inakuwa na takataka.

Ninachopika mimi mara nyingi ni vidonge vya tende, havitaki hata jiko zaidi ya kukaanga karanga. Chukua tende vikombe 2 toa kokwa, karanga za kukaanga kikombe 1 pepeta maganda kwenye ungo, twanga karanga zibaki chenga uweke pembeni, alafu twanga tende na kijiko cha maji ya moto mpaka ziwe donge, changanya vyote na iliki na chumvi kidooogo, finyanga vidonge uviviringishe kwenye ufuta uliokaangwa. Sukari ya kuongeza hakuna, na tende inakuja na nyuzinyuzi zake. Mpe viwili vitatu vya shule, lakini uliza kwanza kama shuleni kwao karanga zinaruhusiwa, kuna watoto zinawadhuru vibaya.

Na karanga zenyewe chagua kwa mkono moja moja, naomba sana usichoke hapa. Iliyosinyaa, yenye ukungu au rangi ya ajabu au uchungu tupa, kuna sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kukaanga hakuimalizi. Kununua zilizosagwa tayari mi sipendi kwa sababu hujui zilikuwaje.

Huyo wa miezi 9 asali hapana kabisa mpaka atimize mwaka, hata ukiichemsha, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo. Karanga nzima na kashata pia usimpe, zitamkaba. Yeye mpondee ndizi mbivu, na akitaka kukaa na kaka yake wakati wa kula mpe kijiko chake ashike.