Kwa mnaoanza kazi ya tiketi: msigawe kilomita kwa spidi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tiketi hapa Kampala, swali mtakalokutana nalo kila siku sio bei, bei mteja kashaiona kwenye simu. Atauliza toka Entebbe, kwenye uwanja wetu wa ndege, mpaka Nairobi ni mbali kiasi gani na atafika saa ngapi. Na nyie kwa vile mmetoka shule juzi mtataka kupiga hesabu. Msipige.

Mimi nilipiga. Kwa angani ni kama kilomita 520, jeti inakimbia 800 na kitu kwa saa, nikagawa, nikamwambia mzee mmoja "ssebo (yaani bwana), dakika arobaini tu uko Nairobi". Akampanga kijana wake wa kumpokea kwa hesabu hiyo, kumbe tiketi yenyewe imeandika saa moja na kitu, kijana kasubiri mpaka kachoka. Ile spidi ndege inaipata ikishafika juu, na safari fupi hivi ikimaliza kupanda haikai sana inaanza kushuka, halafu kuna kule kutembea chini kabla ya kuruka na baada ya kutua, na muda wa tiketi unahesabu yote, toka inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapopaki. Ndo maana Dar ni karibu mara mbili ya Nairobi, kilomita 1,080 hivi, lakini muda wake haufiki mara mbili.

Kigali nayo itawachekesha. Unatoka Entebbe saa nne asubuhi, tiketi inasema unafika saa nne asubuhi! Mteja anadhani umekosea. Rwanda wako nyuma yetu saa moja, na safari ni karibu saa moja, basi. Kurudi ndo inaonekana saa mbili. Juba, Sudan Kusini, pia wako nyuma saa moja, toka 2021 walipobadilisha, zamani tulikuwa sawa nao, kwa hiyo msimsikilize mtu anayewaambia kwa mazoea. Kenya na Tanzania saa ni ile ile yetu, Dubai wametutangulia saa moja.

Sasa hili ndo liliniuma. Tiketi ya mama mmoja ilikuwa 04:00, mimi nina haraka, simu inalia, nikamwambia kwa mdomo "saa nne". Akaja airport saa mbili asubuhi na masanduku yake, kanga kichwani, anatabasamu, ndege ishaondoka saa kumi alfajiri. Pesa ya kubadilisha ilitoka mfukoni mwangu. Tangu siku ile naandika kwa kalamu juu ya tiketi: saa kumi, alfajiri, usiku wa kuamkia siku gani. Na 00:40 ya tarehe 15 mtu analala airport tarehe 14, mwambieni mara mbili, mwambieni na mume wake.

Halafu barabara. Kampala mpaka Entebbe ni kilomita arobaini hivi, na jioni jam ikishika unaweza kukaa barabarani muda mrefu kuliko wa kuruka mpaka Nairobi, hata kama kuna ile barabara ya ekspresi ya kulipia, maana kwanza uifikie. Kwa hiyo mteja akiniuliza atoke nyumbani saa ngapi, kabla sijaangalia tiketi namuuliza "unalala wapi?" Wa Kajjansi, njiani huko huko kwenda Entebbe, namwachia anywe chai. Wa Mukono, upande wa pili wa Kampala, namwambia aanze kufunga begi sasa hivi.