Baridi Imeingia, Bahari Imetulia: Usiseme Bado Kwamba Msimu Umekwisha

Wageni wengi wa uchunguzi wa hali ya hewa huletwa na vimbunga vya Atlantiki. Bahari ikikaa wiki tatu bila kitu, wanachoka. Siku hewa baridi inaposhuka kutoka Kanada wanapata la kuzungumza, na haipiti saa moja kabla mmoja hajasema: "Basi, msimu umekufa."

Nami niliwahi kuyasema hayo. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2022, hapa Texas, na sikuwa hata na baridi ya kujitetea nayo. Mwezi ule mzima haikuzaliwa dhoruba hata moja yenye upepo wa kutosha kupewa jina, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa Agosti yoyote tangu 1997, nami nikaona nimeshaujua mwisho wa hadithi. Tarehe 28 Septemba kimbunga Ian kilitua kusini-magharibi mwa Florida kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Hakuna aliyenikumbusha maneno yangu, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama wangenicheka.

Kwa hiyo anza na kalenda. Msimu rasmi huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, lakini kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, dhoruba zinazopewa majina ni 14, saba kati yake hufikia kuwa vimbunga, na tatu huwa vikubwa. Kimbunga cha kwanza, kwa wastani huohuo, hakitarajiwi kabla ya tarehe 11 Agosti. Ukimsikia mtu analalamikia ukimya mwezi Julai, jua analalamika kwamba hakuna mvua wakati wa kiangazi.

Kisha jifunze kwamba misimu ya kimya haifanani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wapenda vimbunga wameifanya methali hiyo kuwa utabiri. Kuna miaka inayowapa haki. Mwaka 1983 Atlantiki ilitoa dhoruba nne tu zenye majina, na mojawapo ilikuwa Alicia, kilichoipiga Galveston tarehe 18 Agosti kikiwa kimbunga kikubwa na kupasua vioo vya maghorofa ya Houston. Mwaka 1992 tulisubiri hadi Agosti kupata jina la kwanza, na jina hilo likawa Andrew, kimbunga kilichoharibu vibaya kusini mwa Florida. Lakini kuna 2013. Watabiri walitarajia msimu mkali, kimbunga cha kwanza kikachelewa mpaka Septemba, na mwisho wa yote vikapatikana viwili tu, vyote vya daraja la chini kabisa. Hapo mshindo uko wapi? Waliousikia ni watu wa Mexico, ambako mafuriko yaliyoletwa na Ingrid yaliua watu, huku dhoruba nyingine ikiwapiga kutoka upande wa Pasifiki siku zilezile. Sisi wa upande huu wa Ghuba ya Mexico tulikuwa tukipiga miayo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia msimu ni "kimya", namuuliza: kwa nani?

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe, maana hapa ndipo wageni wanapojikwaa.

Baridi ya ghafla ya Septemba au Oktoba huja nyuma ya fronti, yaani ule mpaka ambapo hewa baridi na nzito inajipenyeza chini ya hewa ya joto na kuisukuma. Ikishapita, upepo unageuka kutoka kaskazini, anga linakuwa safi, unyevu unashuka, na ukitoka nje asubuhi unahisi umebadilishiwa nchi. Mgeni anahitimisha: hewa kavu imeenea, vimbunga havitaweza tena. Kwa siku mbili tatu, na kwa mahali alipo yeye, huenda yuko sahihi. Lakini maji hayapoi kwa kasi ya hewa. Kimbunga kinahitaji bahari yenye nyuzi joto 26.5 hivi za Selsiasi au zaidi, na Ghuba mwezi Septemba mara nyingi iko kwenye 28 au 29. Asubuhi moja ya kuvaa sweta haiwezi kuiondoa akiba hiyo.

Kisha jiulize: fronti imeishia wapi? Swali hili peke yake limenifunza mengi kuliko vitabu. Mwishoni mwa kiangazi fronti nyingi hufika pwani zimeishiwa nguvu. Zinasimama juu ya maji ya moto kama mstari uliofifia kwenye ramani, na pale kwenye mstari upepo wa pande mbili unaanza kuzunguka. Alicia kilianza hivyo, kwenye mkia wa fronti iliyokuwa ikifa. Mwaka 2007 Humberto nacho kilitokana na mabaki ya fronti katika Ghuba. Kikageuka kutoka eneo la kawaida la mgandamizo mdogo wa hewa kuwa kimbunga kwa muda usiofika saa 24, kikatua karibu na High Island, Texas, tarehe 13 Septemba. Watu walilala wakijua ni mvua tu inayokuja. Kumbe ile baridi uliyoishangilia kama mwisho wa msimu inaweza kuwa imekwenda kuzaa baharini.

Baridi ina kazi nyingine pia. Bonde la hewa baridi, yaani mahali ambapo upepo wa juu angani umejipinda kuelekea kusini, likishuka kutoka kaskazini mara nyingi hukisukuma kimbunga kaskazini-mashariki, kikaishia bahari kuu bila kugusa mtu. Ndiyo maana wengi wetu huomba fronti ije mapema. Ila usiifanye kanuni. Mwaka 2012 mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umeziba njia ya kuelekea baharini, na bonde la hewa baridi likamvuta Sandy kuelekea nchi kavu badala ya kumfukuza. Alipotua karibu na Brigantine, New Jersey, tarehe 29 Oktoba, wataalamu walikuwa wameshamwondoa kwenye orodha ya vimbunga vya tropiki, na milima ya West Virginia ilikuwa inazikwa kwenye theluji. (Naam, hapo nimesema "alipotua". Baadhi ya vimbunga ukivifuatilia usiku kucha vinakuwa watu.)

Jambo jingine ni hamu ya kuunganisha. Julai 2009 majimbo sita ya Marekani yalipata Julai baridi kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, na Atlantiki msimu ule ilitoa vimbunga vitatu tu. Nilikuwa mpya wakati huo, nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: BARIDI INAUA VIMBUNGA. Mzee mmoja aliyenitangulia katika shughuli hii alilisoma akauliza tu: "Na El Niño umeiweka wapi?" El Niño huongeza tofauti ya upepo kati ya tabaka la chini na la juu kwenye Atlantiki ya tropiki, na dhoruba changa inakatwa kichwa kabla haijasimama. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya wa baharini. Baridi ya Illinois na Ohio ilihitaji kuelezwa kwa ushahidi wake wenyewe, yaani mkondo wa juu, ule mto wa upepo wa kasi ulio juu sana angani, uliokuwa umejikunja kuelekea kusini. Mambo mawili kutokea mwaka mmoja hakuyafanyi kuwa ndugu.

Na wakati mwingine undugu upo, ila mahali usipotazama. Novemba 2014 mabaki ya kimbunga Nuri cha Pasifiki yalipanda hadi Bahari ya Bering na kugeuka kuwa mojawapo ya dhoruba zenye mgandamizo mdogo kabisa kuonekana huko. Dhoruba hiyo iliupinda mkondo wa juu, hewa ya Aktiki ikamwagika katikati ya Marekani, na siku chache baadaye vitongoji vya Buffalo vikapata theluji ya zaidi ya mita moja na nusu. Aliyekuwa akitazama Atlantiki peke yake hakuelewa ilikotoka.

Kuhusu vipimo nitasema kwa kifupi kwa sababu ni aibu yangu mwenyewe. Wamarekani hutumia Farenhaiti, na taarifa zitasema leo ni "nyuzi 18 chini ya wastani". Hiyo ni tofauti, si joto lenyewe, kwa hiyo usitoe 32 kama unavyofanya ukigeuza joto lenyewe. Zidisha kwa tano, gawa kwa tisa, upate nyuzi 10 za Selsiasi. Mimi nilitoa 32 nikatangaza takwimu ya ajabu mbele ya watu arobaini. Na kabla ya kuita baridi "isiyo ya kawaida", linganisha na wastani wa miaka 30 wa kituo kilekile kwa tarehe ileile, wala si na kumbukumbu ya mwaka jana.

Modeli, yaani programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, nazo zina ladha ya kamari. GFS ya Wamarekani hutoka mara nne kwa siku, na ukiifuata hadi siku ya 14 utaona kimbunga kikubwa kikiingia Ghuba, kisha saa sita baadaye kimepotea na mahali pake pana wimbi la baridi. Usimwamshe mtu kwa picha ya siku ya 14. Tazama kundi zima la matokeo, la GFS na la modeli ya Ulaya, uone ni mangapi yanakubaliana. Saa za modeli ni za kimataifa: zile zinazoandikwa 00 na 12 huku Texas wakati wa kiangazi ni saa moja jioni na saa moja asubuhi, rahisi kukumbuka kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Na kuhusu lililo hatari kwa kweli, neno ni la Kituo cha Taifa cha Vimbunga kule Miami, si letu.

Utasikia pia "voteksi ya ncha", yaani mzunguko mkubwa wa upepo kuizunguka ncha ya dunia, kila mtu anapotetemeka. Julai 2014 hewa ya ubaridi ilipoingia majimbo ya kati, watu walilitumia jina hilo, na ubishi ukawaka. Ile voteksi ya stratosifia, tabaka la juu la angahewa, huvunjika kila majira ya kuchipua, kwa hiyo Julai haipo. Lakini usimdhalilishe anayelikosea neno hilo. Muulize themometa yake iko wapi.

Juzi mmoja wenu alinitumia picha ya kipimo chake kikisoma nyuzi 4, akauliza kama hilo limefunga msimu. Nilimwomba aniambie kimewekwa wapi (kilikuwa kimelala kwenye majani, si kwenye kivuli urefu wa mita moja na nusu), fronti imesimama wapi, na boya lililo karibu naye kule Ghubani linasoma nyuzi ngapi. Akarudi baada ya dakika kumi: 27.8.