Bugali sikuacha, niliacha pikipiki

Ndugu uliyeuliza: una miaka 45, tumbo limekutangulia, munganga amekuambia upunguze uzito, na unataka kujua kama lazima uache bugali na ununue viatu vya kukimbilia. Mimi nina 52, nauza vikwembe hapa Bukavu, na hayo yalinikuta nikiwa na 47. Acha nianze na nilivyokosea.

Kazi yangu ni kukaa. Toka asubuhi niko juu ya kigoda pale soko la Nyawera. Mteja akija natandua kitambaa, akienda nakikunja, katikati ni mandazi na chai ya vijiko vinne vya sukari. Siku waliyonipima, tansiyo, yaani presha ya damu, ilikuwa 158 kwa 96. Nikarudi nyumbani na hasira, nikakata bugali kabisa, jioni papai tu. Wiki ya pili, napanda kilima kwetu Kadutu, giza likanijia machoni. Nikaketi kwenye ngazi za watu, mama muuza makala ananipepea na kifuniko cha ndoo. Kukimbia nako nilijaribu siku tatu. Magoti yakakataa, na majirani wakauliza nani ananifukuza.

Bugali ikarudi. Zamani ilijaza sahani, mboga imebanwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Sasa donge langu ni ngumi moja, nafasi iliyobaki ni ya mboga za lengalenga na maharagi. Mawese nilikuwa namimina kwa jicho. Leo napima vijiko viwili vikubwa kwa sufuria ya watu sita. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga ni tamu, sikatai, ila siku nyingi nazipika kwa nyanya na kitunguu, tunazitafuna na miiba yake. Mwanamke wa umri wangu mifupa yake inaitaka ile kalisi (kalsiamu).

Chumvi ndiyo ilinisumbua zaidi. OMS, lile Shirika la Afya Duniani, inasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya mboga, na ya vile vipande vya mraba vya kuungia mchuzi. Halafu kuna makayabo, samaki wa chumvi! Nayaloweka usiku, asubuhi namwaga maji na kutia mengine, mchana tena. Onja yale maji ya kwanza, utajua ulikuwa unakula nini.

Miguu: pikipiki ya jioni nimeiacha. Kupanda hadi nyumbani ni dakika 40, siku tano kwa wiki, zinapita zile 150 za wiki ambazo OMS inashauri. Mwanzo nilipumzika mara nne njiani. Mvua ikinyesha ule udongo unateleza kama sabuni, na siku hizo napanda pikipiki bila aibu. Mikono nayo inataka kazi, kwani kadiri umri unavyosogea misuli inapungua. Sombe, majani ya muhogo, nilikuwa nanunua imeshasagwa kwa mashine. Nimerudia kinu, mara mbili kwa wiki, na mabega yalinikumbusha usiku kucha siku ya kwanza.

Jambo ambalo munganga hatakuambia ni maneno ya watu. Kwetu kunenepa ni kuonyesha kwamba nyumbani kuna amani. Kikwembe kilipoanza kunizunguka mara moja na nusu, wifi yangu akamwita mume wangu pembeni: "Kaka, mama watoto anaumwa nini mnachotuficha?" Kanisani wakaniombea bila mimi kuomba. Mume wangu mwenyewe alikasirika, akidhani watu watasema hanilishi. Nilichofanya ni kuacha kujieleza, nikampakulia naye sahani kama yangu. Alinung'unika kama miezi mitatu hivi.

Mara ya mwisho nimepimwa 134 kwa 84, na dawa ya tansiyo bado nameza kila asubuhi. Usije ukaacha yako kwa sababu umepungua kilo. Anayekupima ndiye aamue.

Viatu? Usinunue vipya vya bei. Tafuta raba za mitumba ambazo soli yake bado ina meno, uzijaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Na uache ndala nyumbani, hasa wakati wa kuteremka.