Kabla ya Kuuliza Timu Inahitaji Nani: Ushauri kwa Wanaobishana Kuhusu Drafti ya NFL

Kila mwaka ifikapo Aprili, sisi tunaofuatilia futiboli ya Marekani huingia katika ubishi usio na mwamuzi: timu imchukue mchezaji bora aliyebaki kwenye orodha, au imchukue yule atakayeziba pengo lililopo kikosini? Ninaishi Michigan, na timu ninayoifuatilia kwa karibu ni Detroit Lions. Ubishi huu nimeusikia kazini wakati wa mapumziko, nimeusikia kwa kinyozi, na nimeusikia kwenye sebule za Wakenya na Watanzania wenzangu ambao walifika huku wakiijua soka peke yake na sasa wanataja majina ya wakingaji wa vyuo ambavyo hawajawahi kuvitembelea. Baada ya misimu mingi ya kubishana nao, ushauri wangu ni huu: itenganishe thamani ya mchezaji na hitaji la timu, uipime thamani kwanza, na hitaji lenyewe ulipime kwa kuangalia kikosi kitakavyokuwa baada ya misimu miwili au mitatu, wala si kwa vipigo vya msimu uliokwisha.

Kwa asiyeufahamu utaratibu wa drafti, NFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ina timu 32, na chipukizi wa vyuo vikuu hawanunuliwi kama ilivyo katika usajili wa soka. Timu huwachagua kwa zamu katika raundi saba, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayotangulia. Zamu zenyewe huweza kubadilishwa baina ya timu, hata zamu za miaka ijayo, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2021. Lions walikuwa wamempeleka kwotabeki wao, yaani mrusha mpira, Matthew Stafford kwa Los Angeles Rams, wakampokea kwotabeki Jared Goff pamoja na zamu kadhaa za drafti, na wapokeaji wao wakuu wawili wa pasi, Kenny Golladay na Marvin Jones, walikuwa wameondoka. Yeyote aliyekitazama kikosi kile aliona pengo moja kubwa, kwamba Goff hakuwa na mtu wa kumrushia mpira. Ilipofika zamu ya saba, DeVonta Smith, mpokeaji aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, alikuwa bado hajachukuliwa. Meneja mkuu wa Lions, Brad Holmes, akamchukua Penei Sewell wa Chuo Kikuu cha Oregon, mkingaji wa pembeni, yaani anayemlinda kwotabeki asifikiwe na wapinzani, ilhali kushoto, upande aliouchezea Sewell chuoni, alikuwapo Taylor Decker ambaye hakuwa na tatizo lolote. Waliolalamika walikuwa na hoja ya kueleweka, ila ilikuwa hoja ya msimu mmoja. Sewell alihamishiwa upande wa kulia, akaingia katika kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani cha wachezaji bora wa msimu, mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Na mpokeaji aliyekuwa akililiwa alipatikana katika drafti ileile, raundi ya nne, zamu ya 112: Amon-Ra St. Brown.

Sisemi kwamba hitaji halina maana. Ninachosema ni kwamba pengo linaweza kuzibwa kwa njia nyingi na kwa bei mbalimbali, kwa raundi za chini au kwa wachezaji waliomaliza mikataba kwingine, bali mchezaji wa kiwango cha Sewell hapatikani kila mwaka. Tena pengo lenyewe huhama. Lions waliuanza msimu wa 2024 wakiwa na Aidan Hutchinson, mvamizi wa pembeni, yaani anayemfukuzia kwotabeki wa wapinzani, ambaye walimchukua zamu ya pili mwaka 2022, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Oktoba akavunjika mguu katika mechi dhidi ya Dallas Cowboys, na nafasi iliyokuwa na uhakika kuliko zote ikageuka kuwa hitaji la kwanza kwa siku moja. Orodha ya mahitaji inayochapishwa Aprili ni picha ya kikosi cha Januari, nayo huchakaa upesi.

Hoja hii si mpya. Mwaka 1996, katika drafti ya kwanza ya Baltimore Ravens, timu ilihitaji mkimbiaji, yaani mbeba mpira, na mmiliki wake alimtaka Lawrence Phillips. Ozzie Newsome, aliyeongoza uchaguzi wa wachezaji wa timu hiyo, akamchukua Jonathan Ogden, mkingaji, ambaye msimu wa kwanza ilibidi achezeshwe ndani kwa sababu pembeni palikuwa na mwenyewe. Ogden yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Wapinzani wangu hapa Michigan hunijibu kwa mfano wa kwetu wenyewe, nao una uzito. Lions walichukua mpokeaji katika raundi ya kwanza mwaka 2003, mwaka 2004 na mwaka 2005, miaka mitatu mfululizo, kana kwamba mapengo mengine hayakuwapo. Mwaka ule wa mwisho walimchukua Mike Williams zamu ya 10, na zamu ya 11 Cowboys wakampata DeMarcus Ware, mmoja wa wavamizi hodari wa kizazi chake. Wao huuona huo kuwa ushahidi kwamba timu ilipaswa kufuata mahitaji. Mimi nauona kuwa ushahidi kwamba timu haikujua kupima wachezaji. Asiyejua kupima atakosea akifuata mahitaji, na atakosea vilevile akifuata vipaji.

Je, mtu asiye skauti, yaani mtafuta vipaji wa timu, atapimaje? Aanze na video za mechi nzima, kwa maana vipande vya sekunde chache vinavyosambazwa mitandaoni vimechaguliwa ili mchezaji apendeze. Ninapomtazama mkingaji wa pembeni, mpira siufuati kabisa. Macho huyaweka kwenye miguu yake tangu mchezo unapoanzishwa, nione kama hatua ya kwanza ya kurudi nyuma inaondoka pamoja na ya mvamizi au imeshachelewa. Kisha natazama magoti, kwa kuwa mkingaji anayeinama kiunoni badala ya kukunja magoti humwangukia mpinzani mbele na kupitwa. Mwisho ni mikono: inafika kwanza kifuani mwa mpinzani, au inapapasa mabegani? Ninapenda hasa jaribio la tatu, kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, likiwa na yadi nyingi zilizobaki, maana hapo uwanja mzima unajua kwamba pasi inakuja na mkingaji hana pa kujificha. Akishindwa mara moja, narudisha nyuma nione alivyojirekebisha alipokutana na mvamizi yuleyule katika robo ya nne. Kwa Sewell, kilichonivutia chuoni ni jinsi mtu wa kilo zaidi ya 150 alivyoweza kukimbia mbele ya mbeba mpira kwenye eneo wazi na kugeuka bila kupoteza mizani. Desemba 2022, dhidi ya Minnesota Vikings, jaribio la tatu likiwa na yadi saba, makocha walipanga pasi irushwe kwake yeye mwenyewe, kazi isiyo ya mkingaji. Aliidaka, akapata yadi tisa, na Vikings wakakosa nafasi ya kurudi mchezoni. Hakuna orodha ya mahitaji iliyokuwa na kisanduku cha jambo hilo.

Vipimo vya Indianapolis, ambako chipukizi hukimbia yadi 40, huruka na kunyanyua vyuma mbele ya wawakilishi wa timu, vina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko vinayopewa katika mabishano. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, Cincinnati Bengals wakamchukua zamu ya tisa, na mbio zile hazikumfanya kuwa mpokeaji wa kutegemewa. Kwotabeki Tom Brady alitumia sekunde 5.28, akachukuliwa zamu ya 199 mwaka 2000, akashinda Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara saba. Watu hupenda kuishia kwenye mifano kama hii na kuvidharau vipimo vyote, na huko ni kupita kiasi. Mimi huvitumia kama sababu ya kurudi kwenye video: nikiona namba haifanani na nilichokiona uwanjani, naitazama tena mechi nikitafuta kwa nini.

Baada ya mchezaji huja bei, na hapa ndipo wengi wetu tuliozoea soka hupotea. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alisaini mkataba wenye dola milioni 50 za uhakika. Mwaka mmoja baadaye, makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yalipoanza kutumika, Cam Newton alichaguliwa wa kwanza pia na mkataba wake wote wa miaka minne ulikuwa wa takriban dola milioni 22. Tangu hapo mshahara wa chipukizi hutegemea namba ya zamu yake, si nafasi anayocheza. Kwa kuwa kila timu ina kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, chipukizi mzuri katika nafasi ambayo wakongwe wake hulipwa fedha nyingi ni faida maradufu. Kwotabeki, mvamizi wa pembeni, mkingaji wa pembeni na mpokeaji huwa juu. Mkimbiaji huwa chini.

Kwa hesabu hiyo Lions walizomewa mwaka 2023 walipomchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs zamu ya 12, ilhali walikuwa wamekwisha kumsajili David Montgomery mwezi uliotangulia. Waliozomea walijua hesabu, nawapa haki yao. Walichokiacha ni kwamba Lions walikuwa wameteremka kutoka zamu ya sita, na katika mabadilishano hayo wakapata zamu ya 34, waliyomchukulia Sam LaPorta, ambaye msimu wake wa kwanza alidaka pasi 86. Na kwamba Gibbs hutumika kama mpokeaji pia, kiasi kwamba kumwita mkimbiaji tu ni kumpunja. Jina la nafasi lisikuzuie kuuliza makocha watamtumia vipi.

Kwotabeki ndiye anayezivuruga kanuni zote. Kansas City Chiefs walikuwa na Alex Smith aliyekuwa akiwafikisha kwenye mtoano, hata hivyo mwaka 2017 walipanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 kumfuata Patrick Mahomes, wakamweka benchi karibu msimu mzima, na mwaka uliofuata akarusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga. Atlanta Falcons walipompa Kirk Cousins mkataba wa dola milioni 180 mwezi Machi 2024 kisha Aprili wakamchukua Michael Penix Jr. zamu ya nane, walichekwa; kabla ya msimu kwisha Cousins alikuwa benchi. Lakini San Francisco 49ers nao walitoa zamu za raundi ya kwanza za miaka mitatu ili wampate Trey Lance mwaka 2021, akaanza mechi nne tu kwao, na aliyekuja kuwapeleka Super Bowl ni Brock Purdy, chaguo la mwisho kabisa la mwaka 2022, namba 262. Ndiyo maana mimi huunga mkono kumchukua kwotabeki hata pasipo hitaji, na husita timu inapolipa zamu nyingi ili kumpandia mmoja. Upimaji wa hata wataalamu haumtofautishi sana mchezaji na mwenzake wa nafasi ileile anayechukuliwa baada yake, kwa hiyo zamu nyingi za wastani mara nyingi zina faida kuliko moja ya juu.

Mabishano yenyewe yanahitaji adabu fulani. Mwenzako akisema timu imekosea, mwulize angemchukua nani kati ya waliokuwa bado wamebaki, kisha mwandike jibu lake pamoja na lako mahali ambapo wote mnaweza kulisoma. Usikubali kumlinganisha mchezaji na yule aliyekwisha kuchukuliwa zamu tatu kabla. Alama za kupasi na kufeli zinazotolewa asubuhi baada ya drafti zisikutie jeuri wala huzuni, kwa sababu chipukizi wengi hawaoneshi sura yao kamili kabla ya msimu wa tatu.

Kwa upande wangu, ubishi ulio wazi hivi sasa ni wa drafti ya 2025. Wenzangu wengi walitaka mvamizi wa kucheza upande wa pili wa Hutchinson. Lions, zamu ya 28, wakamchukua Tyleik Williams wa chuo cha Ohio State, mlinzi wa katikati, yaani anayesimama katikati ya safu ya ulinzi. Mimi niliandika kwamba ni chaguo zuri, kwa kuwa Alim McNeill, mlinzi wetu wa nafasi hiyohiyo, alikuwa ameumia goti Desemba na kwa kuwa katikati pakiwa dhaifu wavamizi wa pembeni hukabiliwa na watu wawili wawili. Mwenzangu mmoja wa Mombasa aliandika kinyume kabisa, na sababu zake si mbaya: anasema mlinzi wa katikati wa kuzuia mbio hupatikana raundi ya tatu. Karatasi zote mbili zimebandikwa kwenye friji yake, nasi tumekubaliana kwamba hakuna wa kuzigusa kabla ya msimu wa 2027 kwisha.